Mstari wa Mwenye Boma

Juzi mlinitumia mwenzenu mmoja, binti mpole mwenye simu kubwa kama sinia, aje aniombe mawaidha machache ya kuwasomea kabla hamjashuka ufuoni kufanya utafiti wenu. Nikamwambia akae, anywe chai, aiweke simu chini. Akanieleza kwamba siku hizi maswali yote yamo ndani ya hiyo simu, na mtu akijibu ovyo simu yenyewe inakataa kuendelea. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi tulikuwa na karatasi, na karatasi haikatai kitu. Lakini alipokwisha kwenda nikafikiri tena, nikaona kwamba kosa langu kubwa hata simu ingelipokea vizuri tu. Nilijaza kila mstari na sikuacha nafasi wazi popote.

Kwa hiyo haya si mawaidha. Nimetafiti habari za ajira katika mkoa huu wa ziwa kwa miaka mingi kuliko umri wenu, nimeandika ripoti za kujaza kabati, na mtu akiniuliza leo nimemsaidia nani hasa, nitaanza kutafuta miwani. Ninayemkumbuka vizuri ni yule niliyemharibia. Alikuwa mjane, mkausha samaki, na mimi ambaye sikuwahi kumwajiri nilimwachisha kazi kwa kalamu. Nitafika kwake, msiniharakishe.

Kwanza Mzee Odida, maana chochote cha maana ninachojua kuhusu kazi hii kilitoka kwake. Odida hakuwa na shahada. Alikuwa amewahi kuwa karani wa kuhesabu watu, akabaki na tabia ya kuvaa koti hata jua likiwaka vipi. Idara yetu ya chuo ilimchukua kila tulipokuwa na utafiti, ikamwachilia utafiti ukiisha. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya themanini, kichwani nadharia za soko la ajira, miguuni viatu vya ngozi. Siku ya kwanza tuliingia kwenye matope ya Nyamasaria, kiatu kimoja kikabaki humo. Odida akakichomoa, akakikung'uta, akanikabidhi kwa heshima zote. "Daktari," akasema, "hiki weka ofisini. Huku tunatafuta watu, hatuendi kuposa."

Alinifundisha kwamba usimuulize mtu swali huku umeinamia karatasi. Uliza, kisha tazama mikono yake, maana karatasi itakungoja. Usimwambie "unafanya kazi gani", kwa sababu huku kwetu mtu akisikia kazi anafikiria ofisi na kofia ya mlinzi. Muulize jana alipoamka alianza na nini, akafuata na nini, mpaka akalala, na kazi zake zote zitatoka zenyewe. Alisema pia kwamba nikiletewa kiti niangalie ni nani ameinuka, kwa sababu mara nyingi aliyeinuka ndiye mwenye majibu.

Na alisema nibebe fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Hilo nililidharau. Mvua ikatukuta sokoni Awasi, fomu za siku nzima zikalowa chapachapa, wino ukaanza kutembea. Tulikimbilia hoteli moja ya chai, tukazianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya jiko na vibanio vya mwenye hoteli. Kila mteja aliyetoka kunawa alisimama kuzisoma. Tulipokuja kuzihesabu moja ilikosekana, tukaambiwa imefungiwa mandazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Mpaka leo sijui mkulima yule wa miwa alikuwa na watoto wangapi.

Mnacheka, sawa. Sasa sikilizeni hii.

Kulikuwa na kiwanda mjini Kisumu, jina silitaji, kilishafungwa na wenyewe wana wajukuu. Kila asubuhi wanaume walitoka mtaa wa Manyatta kwa miguu, wakakusanyika langoni, wakangoja nyapara atoke achague wa siku hiyo. Nilitaka kujua ni wangapi wanaokuja na ni wangapi wanaorudi nyumbani bila kazi. Nikasimama kando na daftari, naweka vijistari. Baada ya muda nikainua macho, nikakuta foleni mbele yangu. Walikuwa wamechomeka mashati. Wa kwanza, mtu mzima wa rika la baba yangu, alinipa kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Bwana, mimi naweza kubeba," akasema. "Mgongo bado mzuri."

Nikamwambia, mzee, mimi ni mtafiti tu, siajiri mtu.

"Sawa, wewe andika tu."

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Niliona haya kuwafukuza, nikawaandika wote, jina kwa jina, majina ambayo sikuyahitaji. Kesho yake walikuja tena, wakauliza yule wa shati la bluu, yaani mimi, yuko wapi. Odida alinikasirikia kwelikweli. "Umewaandika," akaniambia. "Sasa wanakungoja." Hapo ndipo ningepaswa kuelewa kwamba jina la mtu likishaandikwa na mwenye kalamu, mwenye jina huliwekea matumaini. Sikuelewa. Niliona ni kisa kizuri cha kuwachekeshea wenzangu wakati wa chai.

Haya, ufuoni.

Nao siutaji. Ni magharibi ya Kisumu, mwendo wa saa kadhaa kwa barabara ya wakati ule. Mbuta, yule samaki mkubwa wengine wanayemwita sangara, alikuwa amejaa ziwani, viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kufunguliwa mjini, na malori ya barafu yalifika mpaka kwenye mchanga. Tulipewa kazi ya kutafuta jambo moja: biashara hii ikikua, ni nani ufuoni anayefanya kazi sasa na atapata nini. Swali zuri. Nililipenda, na bado nalipenda.

Nyumba iliyokaa karibu kabisa na maji ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu aliolewa pale kutoka huko. Alikuwa na matanuri matatu ya udongo aliyoyajenga mwenyewe, na alikausha samaki kwa moshi kwa namna ambayo wanunuzi walimfuata yeye wakawaruka wengine. Tulipofika alikuwa amekaa kwenye kigoda, anageuza samaki. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso, akaingia ndani kunitolea kiti.

Kabla sijakaa akatokea mwanamume mmoja kutoka upande wa maduka, anatembea taratibu. Alikuwa Ochieng', shemeji yake. Mume wa Nyar Seme alikuwa amefariki, na kwa desturi yetu ndugu wa marehemu akamrithi mjane. Ochieng' alikuwa na mke wake na nyumba yake juu mlimani. Ufuoni alikuja kula na kucheza ajua, bao la kwetu, na wenzake. Akavuta kigoda, akakaa, akanisalimu vizuri.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtoto wa ufuo huuhuu. Nimelelewa nikijua kwamba ukiingia boma la watu ukakuta mwanamume amekaa, humruki ukaenda kumhoji mwanamke, hasa mjane aliyerithiwa. Kwetu hilo ni tusi kwa mwenye boma na kwa marehemu pia. Kwa hiyo nikamgeukia Ochieng' kwa adabu zangu zote.

"Mwenye boma ni nani?"

"Si ndiyo mimi?"

"Na kazi yako, ndugu?"

"Sisi hapa tunakausha samaki."

"Na mama huyu?"

"Huyu yuko hapa nyumbani tu."

Nyar Seme alikuwa hatua mbili kutoka tulipokaa, anageuza samaki wa moto kwa mikono mitupu, masizi mpaka kwenye viwiko. Akanitazama. Hakusema neno, kwa sababu naye alilelewa kama mimi. Nikaandika: Ochieng', mkuu wa kaya, mkausha samaki. Chini yake nikaandika jina la mama yule, na mbele yake neno mtegemezi. Niliona mikono yake na nikaandika hivyo hivyo. Hapo siwezi kujitetea.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari Odida akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Yule bwana mikono yake misafi sana kwa mtu wa samaki."

"Mzee, tumechelewa," nikamwambia, "bado nyumba nyingi."

Na kweli zilikuwa nyingi, na wajane hawakuwa wachache, na kila boma nilipita na adabu zile zile. Mwaka uleule alikuja Mzungu mmoja, mtafiti, hana haya hata kidogo. Aliingia kila boma akiwauliza wanawake mambo yao mbele ya waume zao, wala kiti hakungoja. Tulimcheka sana pale idarani. Baadaye nilikuja kuona orodha yake, nikakuta ni sahihi kuliko yangu.

Siku zile majibu yaligeuzwa kuwa namba, namba zikatobolewa kwenye kadi, kadi zikapelekwa Nairobi kwenye kompyuta iliyojaza chumba. Ukikosea tundu moja, mvuvi anakuwa mwalimu. Tulizikagua kadi zile tukiziinua usawa wa macho kama watu wanaotafuta chawa, na nilijivuna kwamba zangu hazikuwa na kosa. Na ni kweli, mashine ilinakili vilevile nilivyoandika. Majedwali yakatoka safi.

Kisha wakaja watu wa mradi. Kulikuwa na mpango wa kujenga ufuoni banda kubwa la saruji, lenye chumba cha barafu na sehemu za kukaushia samaki zilizogawanywa, na matanuri yote ya zamani yabomolewe. Nafasi ndani ya banda wangepewa wale ambao tayari wanafanya kazi pale. Wakahitaji orodha. Wakasikia ninayo.

Mkuu wa idara yetu, tuliyemwita Profesa tu hata nyuma ya mgongo wake, karibu anipigie magoti kwa furaha. Ni mara ngapi utafiti wetu unatumika? Nyinyi siku hizi mnatia sahihi makaratasi ya kuahidi kwamba majina hayatatoka. Mimi niliahidi kwa mdomo, boma kwa boma, nikasema haya ni siri yetu. Kisha nikayatia majina yale kwenye bahasha ya kaki, nikatia sahihi juu, nikayapeleka mwenyewe huku natabasamu.

Nyar Seme alikuja chuoni majuma kadhaa baadaye. Alipanda lori la barafu mpaka mjini, akamalizia kwa miguu, akiwa na samaki wawili waliofungwa kwenye gazeti. Karani wangu hakutaka kumwingiza kwa sababu ya harufu ya moshi. Nikamsikia sauti, nikatoka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba hakutaka kukichafua.

"Japuonj," akasema. Kwa Dholuo ndivyo tunavyomwita mwalimu. "Wamepaka namba kwa matanuri. Mwezi ujao wanavunja. Wamesoma majina ya watu wa banda, langu hakuna."

"Na shemeji yako?"

"Huyo yuko. Imesomwa ati yeye ndiye anakausha. Japuonj, Ochieng' hata moto hajui kuwasha."

Akaweka samaki mezani, juu ya karatasi zangu.

"Nimekuja uniandike," akasema. "Ni hayo tu. Nina watoto wanne shuleni, na hiyo kazi ndiyo inawaweka huko. Siku ile nilikuwa naangalia ukiandika. Ningesema. Lakini nikajiambia huyu ni mtoto wa huku, anajua. Nilinyamaza kwa sababu nilijua unajua."

Nikamwambia, mama, nenda nyumbani, nitalishughulikia. Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili, na mara ya pili akiwa tayari mlangoni. Samaki wale tulikula na mke wangu jioni ile, na walikuwa watamu.

Nilikwenda kwa Profesa siku hiyohiyo, hilo mnikubalie. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alikuwa na maneno ya pole, si mtu mbaya, msifikiri nawaletea mtu mbaya ili nijifiche nyuma yake.

"Ni mmoja?" akaniuliza.

"Hapana. Nafikiri ni wengi. Ni wajane."

"Tuna semina na wafadhili hivi karibuni, ripoti ndiyo utaiwasilisha wewe. Ukiwapelekea barua leo kwamba orodha ina kosa, watauliza mangapi mengine yana kosa. Ngoja semina ipite. Jina lako pia liko mbele ya kamati, unajua."

Nilijua. Jina langu lilikuwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, na nikangoja. Hakuna aliyenishika mkono. Kila asubuhi niliiona ile barua ndani ya droo, nimeshaiandika, haijatiwa sahihi, na kila asubuhi nikajiambia bado siku zipo. Vijana, ndivyo inavyokuwa. Hakuna siku niliyoamua kumwacha mama yule, niliamua tu kungoja, tena na tena, mpaka semina ikapita na makofi yakapigwa na nikawa mhadhiri mwandamizi.

Ndipo nikatia sahihi barua, nikaipeleka ofisi ya mradi. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana msafi, mwenye heshima, akafungua faili na kunionyesha bahasha yangu ya kaki.

"Daktari, hii takwimu ni yako," akasema. "Nikibadilisha jina moja kwa sababu ya barua, kesho kila mtu ataniletea barua. Si nyinyi wenyewe mlitufundisha orodha ya utafiti haina mambo ya kujuana? Na hata hivyo, nafasi zimeshagawanywa."

Nikaenda ufuoni. Mahali pa yale matanuri matatu palikuwa na rundo la udongo mwekundu uliovunjikavunjika, na kuku wanachakura. Banda lilikuwa zuri, sisemi uongo. Nafasi ya Ochieng' ilikuwa imejaa masanduku ya barafu ya wakala wa kiwanda. Ochieng' alikuwa amempangishia siku ileile aliyopewa ufunguo, akarudi kwenye ajua yake. Nikamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, Nyar Seme yuko wapi.

"Alienda Kisumu," akasema. "Kwa dada yake, Manyatta. Alikungoja kwanza."

Nilimweleza Odida yote haya nikitarajia atanifariji. Hakunifariji. "Mikono nilikuonyesha," akasema, basi. Aliendelea kufanya kazi nasi miaka mingine, na hakuwahi kulirudia. Alipougua akafariki, mkewe alikuja idarani kuuliza habari za malipo ya uzeeni ya mumewe. Tukatafuta faili lake kutwa nzima. Hatukulipata kwa sababu halikuwahi kuwepo. Kila utafiti alikuwa kibarua, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Tulikuwa tumeandika vitabu juu ya shida za vibarua wa mkoa huu, na mikoba yetu ikibebwa na kibarua. Nilimweleza mama yule kwa maneno ya kuzunguka, na yeye akayakata kwa upole. "Basi kumbe miaka yote hiyo alikuwa anatembea tu," akasema. Nikamsindikiza mpaka getini.

Miaka ya tisini ikaingia, na kazi yetu ikapata sura mpya. Kompyuta ikawa ndogo, ikakaa mezani. Kadi za matundu tukazitumia kuwekea alama vitabuni. Viwanda vya mjini vikafungwa kimoja baada ya kingine, nyasi zikaota kwenye lango lile ambako niliwaandika watu, na wengine wao niliwakuta barabarani na baiskeli, wanabeba abiria. Tukapata maneno mapya pia. Ukuaji jumuishi. Nilialikwa kuyazungumzia katika hoteli moja yenye madirisha ya kutazama ziwa, na nikasimulia habari za mjane wa ufuoni aliyeachwa nje ya orodha. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. "Mtafiti mmoja alikosea," nikawaambia, nikaendelea. Walinipigia makofi, tukaenda kula. Nikipima leo, naona aibu ya siku ile ni kubwa kuliko ya orodha yenyewe.

Haikupita muda mrefu, wanafunzi wangu wakaanza kutafiti biashara ya mgongo wazi. Nyinyi mnaijua, lakini niwaelezee wa mbali: kiwandani mbuta anachunwa minofu, minofu inapelekwa ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na mifupa na mkia, kinauzwa huku kwa wanawake wanaokikaanga wakawauzia watu wasioweza kununua samaki. Niliwafuata siku moja kuwakagua, kando ya ua wa kiwanda. Mwanafunzi wangu alikuwa amechutama mbele ya mwanamke mzee mwenye karai la mafuta, anamsomea maswali huku ameinamia karatasi. Mwanamke alijibu bila kuinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu ya moshi na moja lilikuwa na ukungu. Nilimtambua kwa mikono.

Nikamwambia mwanafunzi anipe fomu. Nikachutama mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka, mazuri, na yote yakanitoka, nikabaki na swali lililokuwa mbele yangu kwenye karatasi.

"Mama, mwenye boma ni nani?"

Akasikia sauti, akainua kichwa. Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Japuonj."

"Ni mimi."

"Andika Ochieng'."

"Ochieng' yuko hapa Kisumu?"

"Alikufa zamani. Lakini wewe si huwa unaandika yeye."

Mwanafunzi wangu alicheka, alidhani ni utani wa watu wanaofahamiana. Nikasema mbele yake, na mbele ya wateja waliokuwa wamesimama, kwamba nilimkosea. Nilisema nilijua kazi ilikuwa yake na nikaandika ya shemeji, na alipokuja ofisini kwangu nikachelewesha barua makusudi mpaka cheo changu kipite.

Akaacha kugeuza mifupa.

"Makusudi?" akauliza. "Mimi nilidhani ulisahau."

Miaka yote alikuwa amenisamehe kwa jambo dogo, na sasa nilikuwa nimempokonya hata hilo. Nikamwambia ndiyo, makusudi. Mafuta yaliendelea kuchemka. Mwanafunzi wangu alitazama viatu vyake. Nyar Seme akachukua uma wake, akatoa vipande vilivyokuwa vinataka kuungua, akavipanga kwenye gazeti kimoja kimoja, taratibu, mpaka karai likawa tupu.

"Basi andika," akasema.

Nikaandika jina lake kwenye mstari wa mwenye boma. Kazi: kukaanga na kuuza samaki. Nikamsomea polepole, yeye akasikiliza huku ameelekeza sikio.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sogea basi. Umewazibia watu wangu njia."

Nikasogea.